Jinsi ya kuhesabu vyura na vinyonga wa msituni usiku: mwongozo kwa mtafiti anayeanza

Katika milima ya Usambara Mashariki kuna chura mdogo aitwaye Parhoplophryne usambarica. Alipewa jina mwaka 1928, na hadi leo sayansi inamjua kwa kielelezo kimoja tu, yaani mnyama mmoja aliyekusanywa na kuhifadhiwa. Je, ametoweka, au yupo na hatujajua pa kumtafuta? Swali hilo halijibiwi kwa kusema "tulikwenda, hatukumwona". Linataka mtu aseme alitafuta wapi, mwezi gani, kwa saa ngapi, wakiwa watu wangapi, na hali ya hewa ilikuwaje. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: kazi ya kutafuta iandikwe kwa uangalifu uleule anaoandikwa nao mnyama aliyepatikana. Mtafiti anayeandika alichokiona tu ameifanya nusu ya kazi.

Mfano nitakaoutumia ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, mkoani Tanga. Hatua zenyewe zinafaa pia Uluguru, Udzungwa, Taita na misitu mingine ya milimani.

Hatua ya 1: Pata swali dogo linalojibika

"Nataka kutafiti vyura wa Usambara" si swali, ni hamu. Swali ni hili: je, chura Callulina kreffti anapatikana kwenye msitu uliowahi kulimwa iliki kama anavyopatikana kwenye msitu usioguswa?

Nimechagua iliki kwa makusudi. Mkulima wa iliki haangushi miti mikubwa yote, kwa sababu zao lenyewe linataka kivuli. Anachofyeka hasa ni vichaka na miche ya chini. Ukisimama barabarani unaona msitu mzima, kijani, umefunga. Ukiinama unakuta majani makavu ni haba, magogo yanayooza hayapo, na vijiti vya kimo cha goti vimekwisha. Callulina anaishi huko chini. Ni chura mwenye ngozi ya vipele, ambaye hutembea polepole zaidi kuliko anavyoruka. Picha ya setilaiti haiwezi kukuambia lolote kumhusu. Lazima mtu apite na tochi.

Kabla ya kuandika pendekezo lako, jifunze namna wanyama unaowalenga wanavyozaa. Wengi wakisikia "utafiti wa vyura" hukimbilia madimbwi, na madimbwi yana vyura wake kweli. Lakini katika misitu hii wapo vyura wengi wasiohitaji dimbwi kabisa. Wale wa jenasi Arthroleptis hutaga mayai ardhini, na vitoto hutoka vikiwa vyura kamili bila kupita hatua ya kiluwiluwi. Nectophrynoides tornieri huzaa watoto hai, jambo adimu sana kwa vyura duniani kote. Ukipanga sensa ya madimbwi peke yake, hao wote wamekupita.

Hatua ya 2: Vibali kwanza, kisha hodi kijijini

Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti wa wanyamapori hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Hifadhi za mazingira asilia ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na wao ndio watakaokuruhusu kuingia. Kenya utaanza na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Anza miezi kadhaa mapema. Kama unakusudia kuchukua sampuli yoyote, hata kipande cha ngozi iliyojivua, itaje kwenye maombi tangu mwanzo. Vinyonga wamo kwenye orodha za CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kuvusha sampuli zao mpaka wa nchi kunahitaji kibali cha peke yake.

Ukishapata karatasi, nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, na uwaone wazee wa kitongoji kilicho karibu na msitu. Hili lina faida iliyo wazi kabisa: mwanga wa tochi msituni saa nne usiku huwafanya watu wafikirie wakata mbao au wachimbaji wa dhahabu wasio na kibali. Wakijua ni wewe, na wanajua utakuwa upande gani usiku gani, mtalala salama nyote. Omba pia mtu wa kuongozana naye, umlipe malipo ya haki, na jina lake liingie kwenye ripoti kama yeye mwenyewe anaridhia. Mtu aliyekulia pale huona kinyonga kwenye tawi ambalo wewe umelipita mara mbili.

Hatua ya 3: Panga transekti mchana

Transekti ni mstari uliopimwa ambao utaupita kwa namna ileile kila mara. Kwa sensa ya usiku, mita 100 zinatosha. Tafuta mita 2 kila upande, kuanzia majani ya ardhini hadi mwisho wa mwanga wa tochi yako juu ya miti. Piga mistari hiyo mbali na njia za watu, kwani ukingo wa njia una mwanga na joto tofauti na ndani ya msitu. Iachanishe kwa mita 200 au zaidi.

Usichague mahali kwa sababu panapendeza, au kwa sababu mwenzako aliona kinyonga pale mwaka jana. Gawa ramani katika miraba, andika namba kwenye vikaratasi, uokote. Ukiweza, pata transekti sita katika msitu wa iliki ya zamani na sita katika msitu usioguswa, zote zikiwa katika kimo kinacholingana kutoka usawa wa bahari. Usipolinganisha kimo, utadhani umepima athari ya kilimo kumbe umepima baridi.

Zifunge riboni mchana, kila mita 10. Usiku msitu hubadilika sura, na mtu akipotea mita 15 tu anaweza kuhangaika nusu saa.

Kuhusu majira: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo misimu ya shughuli kwa vyura wengi. Ulinganisho wowote uwe ndani ya msimu mmoja. Msitu wa kwanza ukiupima Aprili na wa pili ukiupima Agosti, umelinganisha mvua na kiangazi.

Hatua ya 4: Vifaa, na namna ya kuvisafisha

Tochi ya kichwani na ya akiba, betri, GPS au simu yenye programu ya ramani, kipimajoto, kalipa ya kupimia urefu wa mnyama, mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, glovu zisizo na unga, vibakuli vyenye mifuniko iliyotobolewa, mifuko ya kitambaa kwa mijusi, daftari, penseli. Penseli, si kalamu: wino huyeyuka kwenye unyevu wa Usambara. Gambuti ndefu pia.

Hapo kwenye gambuti naomba tusimame kidogo.

Kuna kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, wengi huiita kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura. Chura hunywa maji na hupumua kwa sehemu kubwa kupitia ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika moyo nao hufuata. Imechangia kuangamia kwa spishi nyingi katika mabara kadhaa, na inaweza kusafiri kwenye matope ya kiatu.

Tanzania tunayo hadithi yetu. Vyura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, waligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo moja la Udzungwa, katika eneo lenye manyunyu ya maporomoko lisilozidi hekta chache. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa sana ya maji yaliyokuwa yakilowesha korongo ilichepushwa. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa, na korongoni vikawekwa vinyunyizio. Hesabu ilipanda hadi karibu 20,000 katikati ya mwaka 2003, kisha ndani ya miezi michache wakaporomoka hadi wakawa hawaonekani. Kitridi ilipatikana kwenye vyura wa kipindi kile. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliozaliwa kwenye mabustani ya wanyama ya Bronx na Toledo ndio waliorudishwa nyumbani, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, kisha korongoni kuanzia mwaka 2012. Tunajua kasi ya anguko lile kwa sababu palikuwa na watu wanaohesabu kwa njia ileile, mara kwa mara, kabla halijatokea.

Basi, kabla ya kuhama kutoka bonde moja kwenda jingine: sugua matope yote kwa brashi na maji hadi soli ionekane, maana dawa haipenyi tope. Kisha loweka au pangusa kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, uache kwa dakika kadhaa. Suuza mbali na kijito, kwa sababu jiki nayo huua viluwiluwi. Maliza kwa kuanika juani hadi vikauke kabisa. Fanya hivyo kwa gambuti, nyavu, vibakuli na hata miguu ya kamera. Inachosha, hasa alfajiri. Ifanye.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Anza giza likishakolea, saa moja na nusu hivi. Fikeni mwanzo wa transekti, zimeni tochi, mkae kimya dakika tano mkisikiliza. Andika kila mlio unaoutambua, na usioutambua urekodi kwa simu, huku ukisema tarehe, mahali na jotoridi mwishoni mwa rekodi. Jotoridi lina maana: chura yuleyule huita kwa kasi zaidi kukiwa na joto.

Kisha tembeeni, mmoja kushoto na mwenzake kulia. Mita 100 zichukue dakika 40 au zaidi. Mkimaliza kwa dakika 15, mmetembea, hamjatafuta.

Kinyonga usiku ni rahisi kumwona kuliko mchana. Akilala hupauka, na kwenye mwanga wa tochi huonekana mweupe au wa manjano hafifu dhidi ya kijani. Hulala kwenye ncha za vijiti vyembamba, mkia ameukunja. Elekeza mwanga ukiwa umeshika tochi karibu na macho, na utazame matawi kutoka chini na kwa ubavu, kisha geuka nyuma utazame ulikotoka. Wengi huonekana upande wa pili. Vinyonga wakubwa kama Kinyongia matschiei wanaweza kuwa juu sana. Wale wadogo wa kahawia wanaofanana na jani kavu, Rhampholeon na Rieppeleon, huwa chini ya kimo cha kiuno, wakati mwingine sentimita chache juu ya ardhi. Usitikise tawi. Kinyonga aliyeshtuka hujiachia akaanguka, na kwenye majani makavu humpati tena.

Nectophrynoides tornieri mtafute juu ya majani mapana. Hatimizi sentimita 4, naye hukaa katikati ya jani kana kwamba amewekwa. Arthroleptides martiensseni yuko kwenye miamba ya vijito vyenye kasi. Callulina mtafute kwa macho kwenye mashina na vijiti vya chini, na kwenye magogo. Gogo ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, upande uleule, kabla ya kumwachia mnyama pembeni yake ajirudie mwenyewe.

Hatua ya 6: Kumshika, kumpima, kumrudisha

Kwanza jiulize kama kuna haja. Ukimtambua bila kumgusa, mwache.

Kama unamshika, vaa glovu mpya kwa kila chura, uilowanishe. Mikono isiwe na dawa ya mbu wala losheni. Ngozi ya chura hunyonya kila kitu. Mjusi usimshike mkia, atakuachia. Kinyonga usimng'oe: mwekee kidole mbele, asukumwe taratibu, apande mwenyewe.

Pima urefu kuanzia ncha ya pua hadi tundu la nyuma, bila mkia, kisha uzito. Piga picha nne: mgongo, ubavu, tumbo, na vidole vya mikono na miguu. Picha ya vidole ndiyo inayosahaulika, na mara nyingi ndiyo inayoamua spishi. Callulina, kwa mfano, ncha za vidole vyake zimepanuka na kukatika kama zimenyooshwa kwa wembe. Mtindo wa zamani wa kumkata chura kidole ili umtambue baadaye siupendekezi. Madoa ya mgongo au tumbo kwenye picha nzuri yanatosha kwa spishi nyingi.

Mrudishe mahali palepale, usiku uleule, jani lilelile kama inawezekana.

Hatua ya 7: Daftari

Huu ni ukurasa wa mfano:

*Transekti B3, iliki ya zamani. 14 Aprili. Kuanza 19:40, kumaliza 20:25. Watafutaji 2. Nyuzi 19. Ukungu, majani yamelowa, mvua ilikatika kabla ya magharibi. Mwezi haupo. Kusikiliza dakika 5: Leptopelis (chura wa mitini) mmoja, mbali, nje ya transekti. Walioonekana: hakuna.*

Wanafunzi wengi wangeona aibu kuukabidhi. Lakini una kila kinachohitajika: watu wawili kwa dakika 45 ni saa-mtu 1.5 za kutafuta, katika hali nzuri ya hewa, na Callulina hakuonekana. Hiyo ni data. Usipoiandika, mwishoni utabaki na usiku zilizokuwa na bahati tu, na msitu wako utaonekana tajiri kuliko ulivyo.

Andika saa kwa mtindo wa 19:40. Mwenyeji wako akisema "tulianza saa mbili kasoro" yuko sahihi, nawe ukiandika 2 kwenye jedwali, mchambuzi ataelewa saa nane usiku. Mkubaliane siku ya kwanza. Majira ya nukta za GPS nayo yaandikwe kwa desimali, mfumo mmoja mwanzo hadi mwisho, pamoja na kosa la kipimo ambalo kifaa kimeonyesha. Chini ya miti iliyofunga kosa hilo huwa kubwa.

Hatua ya 8: Rudia, kwa sababu hukuona si hayupo

Tuseme Callulina yupo kwenye transekti yako, na kila usiku una nafasi ya 0.3 ya kumwona. Nafasi ya kumkosa usiku mmoja ni 0.7. Usiku tatu mfululizo ni 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani 0.34. Maana yake, hata baada ya usiku tatu, katika kila transekti tatu alizomo utamkosa kwenye moja. Usiku sita hushusha nafasi hiyo hadi 0.12.

Kwa hiyo pitia kila transekti mara nne angalau ndani ya msimu, na zaidi kama spishi yako ni ngumu kuonekana. Badilisha mpangilio: isiwe msitu wa iliki unapimwa kila siku saa mbili, na usioguswa saa tano mkiwa mmeshachoka. Ukiwa na marudio hayo, miundo ya takwimu ya ukaliaji, yaani ile inayokadiria spishi inakaa wapi hata isipoonekana kila mara, inaweza kutenganisha "hayupo" na "hatukumwona". Programu huria ya takwimu iitwayo R inazo zana hizo, bila malipo.

Hatua ya 9: Nyoka

Usambara wana fira wa msituni, kifutu wa Gaboni na nyoka wa vichakani wa jenasi Atheris, ambao dawa maalumu ya sumu yao haipo. Kama hujafundishwa kushika nyoka na mtu anayejua, usishike. Piga picha kwa mbali, andika, endelea. Usiingize mkono kwenye shimo au chini ya gogo usilolimulika.

Mtu akiumwa: mtulize, asitembee kama kuna namna ya kumbeba, mvue pete na saa kabla kiungo hakijavimba, kifunge kiungo kwenye kijiti kisitikisike, na aende hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, usiweke jiwe jeusi. Kabla ya kupanda mlimani, ulizia hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka kwa sasa, na gari litatoka wapi saa saba usiku. Jibu liandikwe kwenye jalada la daftari.

Hatua ya 10: Data iende wapi, na nini kifichwe

Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kuwa takriban asilimia 41 ya spishi za amfibia ziko hatarini. Tathmini kama hizo hutegemea kumbukumbu kama zako. Ziingize kwenye jedwali safi, uzifikishe kwa msimamizi wako na kwenye GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, na vielelezo, kama ulikuwa na kibali cha kuvichukua, viwekwe kwenye makumbusho au chuo ambako wengine wataviona.

Lakini nukta kamili za vinyonga na mijusi wanaouzika usizianike hadharani. Katika msitu wa Kimboza, chini ya Uluguru, kuna mjusi mdogo wa bluu, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye mikadi. Wakusanyaji wa biashara ya wanyama wa kufugwa walikuwa wakiikata mikadi yenyewe ili wamfikie. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES zilikubali kumweka kwenye Orodha ya Kwanza, inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama wa porini. Kwa umma taja jina la msitu, basi. Nukta kamili zibaki kwa hifadhi na kwa watafiti wanaotambulika.

Hatua ya 11: Rudi kijijini

Omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Nenda na picha kubwa zilizochapishwa, si grafu. Utaulizwa kuhusu kinyonga: wapo wanaoamini ana sumu, wapo wanaomwona ni nuksi na humpiga mawe. Usiwacheke. Waeleze kwamba hana sumu, kwamba baadhi ya hawa wa kwao hawapatikani popote pengine duniani, na umwache yule uliyetembea naye usiku aeleze alichoona. Atasikilizwa kuliko wewe.

Toa riboni zote msituni. Acha ofisi ya hifadhi ramani ya transekti, nakala ya ripoti kwa Kiswahili, na picha za daftari ukurasa kwa ukurasa, zikiwemo zile zilizoandikwa "hakuna".